Pua ya Ogari na Chai ya Jumanne

Itangazwe kwa watu wote wa laini ya tatu, kwa wachumaji na wapasua kuni, kwa manyapara na wake zao, kwa kuku wa kila mlango na kwa mbwa wa askari wa geti: Ogari, mwana wa Kisii, mkaushaji wa chai, mwenye pua isiyo na mfano wake kutoka Roret mpaka Kericho mjini, anahama. Anaiacha nchi ya Kenya. Anavuka mpaka na kuingia Uganda, moja kwa moja hadi Toro, kwenye mfalme wa kweli na milima yenye theluji, ambako kiwanda kipya cha chai kimekaa kikimngoja yeye na pua yake. Anahama pamoja na mkewe, Bitutu.

Tangazo hilo alilitoa mwenyewe, Jumapili asubuhi, mwaka wa hamsini na moja, amepanda juu ya gogo la mkaratusi karibu na bomba la maji, mikono nyuma kama chifu anayesoma amri ya kuua mbwa wasio na wenyewe. Wanawake waliokuwa wakiteka maji walinyamaza kwa heshima. Wanaume walinyamaza kwa kijicho, kwa sababu tangu laini ya tatu, ile safu ya nyumba za wafanyakazi, ijengwe hakuna mtu aliyeondoka humo kwenda mahali pa maana, ukiacha hospitali.

"Na Bitutu amekubali?" akauliza Gekara. Huyu alikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta, na ukuta wenyewe ulikuwa wa udongo.

Ogari akashuka kwenye gogo. "Mke ni mzigo," akasema. "Unafungwa, unapakiwa."

"Basi huo mzigo yako jana jioni nilisikia ikisema hapana. Mara tatu. Ya tatu hata mimi niliitikia."

Wanawake wakacheka ndani ya ndoo zao. Ogari akaenda zake, hatua ndefu, na suruali yake ikimfuata vizuri.

Tuseme kidogo juu ya suruali hiyo, maana si watu wengi wa kiwandani waliokuwa na suruali ndefu wakati ule. Wenzake walivaa kaptura zilizochoka. Ogari alikuwa na suruali ya kijivu aliyoshonewa na Kiarie, fundi cherehani wa Roret, yenye mikunjo chini, na mikunjo ile ilikuwa mipana hivi kwamba kuku angeweza kutaga humo na asijulikane mpaka vifaranga walie. Aliivaa Jumatatu mpaka Alhamisi kiwandani. Ijumaa, siku ya maandalio, Bitutu aliichukua kuifua ili iwe safi kwa Sabato, na Ogari akaenda kazini na kaptura ya zamani, akitembea pembeni pembeni kama mtu aliyevuliwa cheo.

Pua nayo ilikuwa na habari yake. Ogari alipoletwa Kericho na lori akiwa kijana, walimpa kikapu achume, naye akawa mchumaji mbaya kupita wote. Alikuwa anayanusa majani badala ya kuyatupa kikapuni. Nyapara alikuwa ameshaandaa maneno ya kumfukuza. Siku hiyo hiyo Ogari akapita na kikapu chake nyuma ya kiwanda, akasimama, akasema, "Inaungua." Ndani hakuna aliyeona moshi. Baada ya muda wa kuimba ubeti mmoja, moshi ukaonekana. Tangu hapo wakamsimamisha kwenye mdomo wa mashine ya kukausha, pale chai inapodondoka nyeusi na moto. Kazi yake ilikuwa kuchota ukufi wa chai, kuipulizia pumzi, kuizamisha pua ndani, kisha kusema "tayari" au "bado". Mashine ilikuwa na kipimajoto kutoka Uingereza. Bwana meneja alikuwa anakitazama kipimajoto, halafu anautazama uso wa Ogari, halafu anauamini uso.

Lakini mdomo wa Ogari haukuwa umewahi kuionja chai hiyo. Ogari alikuwa Msabato, tena shemasi, na chai kwake ilikaa fungu moja na tumbaku, pombe na nyama ya nguruwe. Kwa miaka saba alikuwa ameipeleka chai Ulaya makasha kwa makasha, na koo lake halikupata tone. Nyumbani kwake palinywewa uji, na siku ya furaha, maziwa.

Ndiyo maana alishtuka vile, Ijumaa ile ya kwanza, siku tisa kabla ya tangazo la gogoni.

Alirudi kazini saa kumi, mvua ya kila siku imekwisha, paa zinadondosha. Bitutu alikuwa uani akianua nguo kabla jua halijatua na Sabato haijaingia. Walikuwa wameoana mwaka mmoja na miezi miwili. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono myepesi, mwenye pengo dogo la meno ya mbele ambalo Ogari aliliwaza hata akiwa kazini, jambo ambalo limewahi kuharibu chai. Akamsalimu mumewe. Na katika ile salamu, kupitia lile pengo, ikatoka harufu ya chai.

Harufu ya majani mabichi mikononi, hiyo kila mtu shambani alikuwa nayo, hata mchungaji. Hii ilikuwa ya chai iliyopikwa, yenye maziwa. Na chini kabisa ya maziwa, pua ya Ogari ikakuta kitu kingine. Moshi wa kuni mbichi. Jumanne ya wiki hiyo wapasua kuni walikuwa wameleta mkaratusi uliolowa, moto ukanuna, na chai yote ya siku hiyo ikatoka na ukali wa moshi. Bwana meneja aligomba, makasha ya Jumanne yakatengwa stoo peke yake, mlango ukafungwa. Chai hiyo haikuuzwa dukani. Haikuwepo popote duniani isipokuwa nyuma ya ule mlango, na katika kinywa cha mke wake.

"Umekunywa nini?" akauliza, polepole.

"Maji," akasema Bitutu, akakunja shuka.

Ufunguo wa stoo ulikuwa mmoja, na aliyekuwa nao ni Johana, mtunza stoo.

Johana alikuwa Mkipsigis mrefu wa Ndanai, mwenye baiskeli yenye kengele na kitana alichokichomeka kwenye soksi. Ogari alikuwa hajawahi kumchukia. Sasa alikaa juu ya kigoda akamchukia kwa mpangilio, kuanzia kengele. Kwa nini mtu apige kengele pale kwenye miti mitatu, mahali pasipo na kona? Nani yuko pale? Wachumaji wako pale. Na kati ya wachumaji, nani kama si Bitutu? Kila swali lilikuja na jibu lake mkononi, kama mgeni aliyebeba chakula chake.

Mtu mwingine angemwambia mkewe, wewe umekunywa chai, sema umepewa na nani. Ogari aliona huo ni ujinga. Angemshtaki kwa chai, angekiri chai, angetubu chai kanisani, na mwanamume angebaki amejificha nyuma ya birika. Akangoja. Wivu wa wanaume wengine una macho, unachungulia. Wa Ogari ulikuwa na tundu mbili tu za pua, na wiki nzima hazikunusa kitu. Jumatatu hakuna. Jumatano hakuna. Ijumaa ya pili, saa kumi, Bitutu akasema, "Umerudi?" na chai ya Jumanne ikamrukia usoni kama paka.

Jumamosi jioni, Sabato ilipotoka, Ogari alikuwa ameshaamua. Barua ya Toro ilikuwa imekuja majuma mawili nyuma: kiwanda kipya kilitaka mkaushaji stadi, na kilimtaka mwenye mke, kwa sababu waseja waliotangulia walikuwa wametoroka wote. Mpaka hapo Ogari alikuwa anaiogopa Toro. Sasa aliiona jinsi ilivyo nzuri. Mtu apande gari la moshi Kedowa, abadilishe Nakuru, alale njiani, afike Kampala, apande lori siku nzima. Ni baiskeli gani itafika huko?

"Tunahama," akamwambia Bitutu. "Jumatatu hii ikipita, ile inayofuata lori linatupeleka Kedowa. Karani ameshaandika jina langu. La kwako anangoja nilipeleke kabla hajafunga daftari Ijumaa. Bila mke hawanichukui."

Bitutu alikuwa anachambua maharagwe. "Huko ni mbali."

"Mbali ndiyo uzuri wake. Nyumba ya mawe. Posho ya unga mzuri. Na nguo wananipa wao: kaptura mbili za kaki, na kofia."

Mikono ya Bitutu ikasimama juu ya maharagwe. "Kaptura?"

"Mpya kabisa."

"Na suruali yako?"

"Nitampa Gekara. Ataniombea."

Bitutu akarudi kwenye maharagwe. "Mimi siendi," akasema.

Ogari akaeleza habari ya mfalme. "Siendi." Akaeleza habari ya theluji, ambayo hakuijua vizuri. "Nimesema hapana." Na ukutani, upande wa Gekara, kitu kikaguna.

Usingizi ulimpata Ogari akiwa na jambo moja kichwani: mwanamke hawezi kukataa nyumba ya mawe bure. Kuna mtu anayemshika hapa. Kesho yake akapanda juu ya gogo akatangaza, maana alidhani mwanamke akishatangazwa hana pa kurudi. Kisha akaanza kazi ya kumtafuta huyo mtu kwa kifaa alichopewa na Mungu.

Hoja yake ilikuwa nyepesi. Chai hainywewi na mtu mmoja. Anayemnywesha Bitutu chai ya Jumanne ananywa naye. Basi kinywa chake kina moshi ule ule. Kilichobaki ni kupita kwenye vinywa vya wanaume. Na shemasi anayo njia. Unamfuata mtu, unamshika mkono kwa mikono miwili, unamwambia, "Ndugu yangu, sema Haleluya." Neno hilo mtu hawezi kulisema bila kumpulizia mwenzake uso.

Kuanzia Jumapili mchana mpaka Jumatano, shamba zima lilidhani uamsho umeingia. Ogari aliwavizia wanaume kwenye foleni ya posho, kwenye mizani, mlangoni mwa choo. Alipata pombe ya busaa, akapata samaki, akapata jino moja lililohitaji kung'olewa upesi. Wapasua kuni wawili walijisikia kuokoka. Kwa Gekara alipata vitunguu na dharau.

"Wewe Ogari, nini unaninusa kama mbwa ya askari? Mimi nimelala na bibi yangu mwenyewe."

"Sema tena Haleluya."

"Nitasema siku ile Bitutu atasema Toro."

Johana alimwacha wa mwisho, kama mtu anavyoiacha nyama. Alimkuta mlangoni pa stoo, ameegemea baiskeli, ufunguo unaning'inia shingoni kama msalaba.

"Chamgei, Ndugu Johana. Sema Haleluya."

"Chamgei. Haleluya," akasema Johana, kwa moyo mweupe, na pumzi ya kutosha.

Mursik. Maziwa ya kibuyu, yenye masizi ya mti wa senetwet, ya siku nne, labda tano. Ogari akazamisha pua tena, bila aibu. Hakukuwa na chai hapo. Chai haikuwa imepita humo tangu Johana azaliwe.

"Chai hunywi?" akauliza, na sauti ikamtoka kama malalamiko.

"Hiyo maji ya majani?" Johana akacheka. "Mimi nafungia tu wazungu. Tumbo yangu inataka maziwa. Ndugu, wewe ni mgonjwa? Umekuwa mwembamba."

Mtu mwenye akili angefurahi. Lakini wivu ni mpangaji mbaya. Ukimwonyesha mlango anahamia chumba cha pili. Kama si Johana, basi ni mtu asiyemjua, na huyo ni mbaya zaidi, kwa sababu hata sura ya kumchukia hana. Jioni hiyo akaenda Roret kwa miguu kumjaribu Kiarie, fundi cherehani, aliyekuwa mnywaji chai mkubwa.

Kiarie alisema Haleluya na sindano mdomoni. Chai ilikuwepo, tele, lakini ilikuwa vumbi la dukani na sukari ya kumwagika. Ogari alikuwa anageuka kuondoka fundi alipomwambia, huku anakanyaga cherehani, "Mwambie dada Bitutu suruali yake itakuwa tayari Ijumaa asubuhi."

"Suruali yake ipi?"

"Ile aliagiza Jumatatu. Ya kaki. Akasema mikunjo inchi nne. Nikamwambia mama, inchi nne ni gunia, hakuna mtu anavaa hivyo. Akasema shona."

"Ya nani?"

Kiarie akainua mabega. "Alileta kamba yenye fundo. Mimi nilipima kamba, sikupima mtu."

Ogari alirudi nyumbani maili tano bila kuiona njia. Sasa mpinzani wake alikuwa na miguu. Hakujua uso wake, lakini alijua ni mtu mtanashati, anayependa mikunjo kuliko yeye Ogari mwenyewe, na anayeshonewa nguo na mke wa mtu. Usiku aliitazama suruali yake ya kijivu kwenye msumari, mikunjo yake ya inchi mbili na nusu, akaiona ndogo.

Ijumaa ya tatu ikafika. Karani alikuwa anafunga daftari la safari saa kumi na moja, na pale penye jina la mke palikuwa peupe. Saa nane Ogari alimwambia nyapara kwamba tumbo linamkata, na kwa kuwa alikuwa amekonda kweli, nyapara akaamini. Nyumbani hakumkuta Bitutu. Msumari ulikuwa mtupu. Akatoka nje, akasimama katikati ya laini katika kaptura yake ya zamani, akainua uso, akavuta hewa.

Iko. Nyembamba, chini ya moshi wa jikoni na kinyesi cha mbuzi, lakini iko. Maziwa, moto, na ukali wa mkaratusi uliolowa. Akaifuata, kichwa mbele. Ilipita nyumba ya Gekara, ambaye aliacha alichokuwa anafanya akamfuata. Ikapita bomba. Ikapanda kilima kidogo mpaka nyumba ya mwisho, yenye maua kwenye makopo, na hapo Ogari akadhani pua yake imerukwa na akili, kwa kuwa hiyo ilikuwa nyumba ya Bilhah, mke wa mzee wa kanisa na mwenyekiti wa Dorkasi, kile chama cha akina mama wanaoshonea maskini nguo kila Ijumaa. Ndani walikuwa wanaimba, kwa sauti kubwa kuliko inavyohitaji sindano.

Akapiga mlango kwa bega. "Mtoeni," akasema. "Mtoeni huyo mwanamume nimwone."

Wimbo ukakatika. Akina mama saba walikuwa wamekaa mduara, kila mmoja na kikombe cha bati. Birika lilikuwa juu ya mafiga. Hapakuwa na kitu kilichoshonwa. Katikati, mbele ya ungo uliowekwa mkekani, mama Bilhah alikuwa amesimama ameshika suruali ya kijivu, miguu juu kiuno chini, amefungua mkunjo mmoja, anaukung'uta kwa kidole. Na kutoka kwenye mkunjo zilikuwa zinadondoka punje nyeusi, kavu, nzuri, daraja la kwanza.

Ogari akaunganisha kimoja kimoja. Mdomo wa mashine. Chai inayodondoka. Yeye amesimama pale siku nne kwa wiki, na chini yake mikunjo miwili imefunguka kama mabakuli ya ombaomba. Askari wa geti wanapapasa mifuko. Hakuna aliyewahi kupapasa vifundo vya miguu. Na Jumanne ile ya moshi, alikuwa ameinama sana, hata ikatosha Ijumaa tatu. Nyani haoni kundule, na pua haijinusi.

"Ndugu Ogari, karibu," akasema mama Bilhah, bila kuharakisha, kwa sauti aliyoitumia kufungua mkutano. "Mwanamume unayemtafuta ni huyu." Akaigeuza suruali, ikakaa wima mkononi mwake, imejaa upepo kidogo. "Mimi namfahamu mwaka mmoja sasa. Ni mtu mkarimu kuliko wewe."

"Mama, wewe? Mke wa mzee wa kanisa?"

"Unataka kwenda kusema? Nenda. Useme pia nani anaiiba chai ya bwana meneja kila siku na miguu yake. Tutatubu pamoja, sisi kinywa, wewe nguo."

Mlangoni Gekara alikuwa ameketi chini, anacheka.

Ogari akamtazama mkewe. Bitutu hakuwa ameficha kikombe. Magotini mwake palikuwa na furushi la gazeti, na ndani yake kaki mpya, na kamba yenye fundo ambayo sasa Ogari aliitambua: ilikuwa kamba ya kiuno chake mwenyewe, iliyopotea Jumatatu. Angepaswa kufurahi. Badala yake alijikuta anaikodolea macho ile suruali ya kijivu mikononi mwa mama Bilhah, jinsi akina mama walivyoizunguka, jinsi walivyoiangalia, na moyo wake ukauma pale pale ulipokuwa ukiuma siku zote. Hakuna mwanamke aliyewahi kumtazama yeye hivyo.

Huko chini kengele ya kiwanda ikalia saa tisa na nusu. Ogari akavua kofia.

"Bitutu," akasema, mbele ya Dorkasi nzima. "Nimepungukiwa usingizi majuma mawili. Nimenusa vinywa vya wanaume mpaka nimesahau harufu ya mvua. Nilitaka nikupeleke nchi nyingine, penye mfalme, upate kuwa wangu peke yangu. Karani anafunga kitabu jioni hii. Niambie mbele ya Mungu na mashahidi hawa: moyo wako uko wapi? Unakuja Toro, au huji?"

Bitutu akamaliza kilichobaki kikombeni. Akafungua lile furushi, akatoa suruali ya kaki, rangi ya zile kaptura za Toro lakini ndefu, akaupima mkunjo kwa vidole vinne.

"Suruali ikienda," akasema, "naenda."